Panya wa Maabara, Samli ya Bariadi na Kopo la Vidonge

Leo hatuna mishono wala mapishi. Tunataka kuzungumza juu ya mafuta tunayokula, na juu ya maneno yanayopita sana siku hizi kwenye vikundi vya akina mama, kwamba yapo mafuta yanayozuia saratani. Msimamo wetu tunautoa mapema, ili hata asiyefika mwisho aujue. Mafuta hayo yalizuia saratani kwa panya, na kwa panya ni kweli kabisa. Kumuuzia mwanamke kopo la vidonge kwa habari ya panya, bila kumwambia kuwa ni habari ya panya, sisi tunaona ni dhuluma.

Tunaoandika haya tumetoka visiwani, tunashona na kuuza nguo Bariadi mjini, mkoani Simiyu. Kwa asiyepajua, ni upande wa kusini mashariki wa Ziwa Victoria, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012, sehemu yake kubwa ikimegwa kutoka Shinyanga. Una wilaya 5: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Wenyeji wengi ni Wasukuma, watu wa pamba na ng'ombe. Busega inagusa ziwa, pale Lamadi utapata sato na dagaa. Lakini ukishaliacha ziwa, kitoweo ni maziwa, nyama, choroko, mlenda na karanga. Tulipofika tuliitafuta nazi kama mtu anayetafuta sindano gizani. Tukazoea. Sasa michembe kwa karanga tunakula kama waliozaliwa hapa, na mtindi wa kibuyu hatuuachi.

Tunayasema haya kwa sababu habari ya mafuta ya kula, hapa Simiyu, mtu anaiona kwa macho yake. Pamba ikichambuliwa, nyuzi zinakwenda huko zinakokwenda (sisi tunakutana nazo zimerudi majora), na mbegu zinakwenda kukamuliwa. Mafuta yake yakisafishwa yanauzwa dukani. Makapi ndiyo mashudu, na mashudu ni chakula cha ng'ombe kiangazi majani yakikauka. Ng'ombe anatoa maziwa, maziwa yanasukwa siagi, siagi inayeyushwa samli. Katika mzunguko wote huo kuna kitu kimoja kinachopita: asidi ya mafuta iitwayo linoleiki. Mafuta ya mbegu za pamba, kama nusu yake ni asidi hiyo. Ya alizeti ya kawaida ni zaidi ya nusu. Ikifika tumboni mwa ng'ombe, wale bakteria wanaomsaidia kucheua wanaipindua umbo, na kiwele nacho kinamalizia kazi. Kinachotokea kwenye maziwa wataalamu wamekipa jina refu, asidi ya linoleiki iliyoungana, na kwa ufupi wanakiita CLA. Ng'ombe anayekula majani mabichi anayo zaidi kuliko aliyefungiwa na kulishwa vikavu.

Hiyo CLA ndiyo iliyoandikwa kwenye kopo.

Kopo lenyewe lililetwa kwenye kikundi chetu cha kukopeshana na mgeni mmoja, kijana mwenye suti na karatasi za rangi. Alianza vizuri, akatuita mama zangu na dada zangu, akasema hakuja kuuza bali kutuelimisha. Kisha akasema utafiti umethibitisha kwamba asidi hii inazuia saratani ya matiti. Bei ya kopo moja ilitosha kununua jora zima la kitambaa cha sare za shule. Mama mmoja wa Kisukuma, mteja wetu wa siku nyingi, akamuuliza, "Mwanangu, hao walioponywa wako wapi tukawaone?" Kijana akacheka, akasema mama, hii ni sayansi. Akapiga hesabu ya anayelipa kwa awamu mbili, makopo kadhaa yakabaki Bariadi.

Tukaamua kuisoma hiyo sayansi. Elimu yetu ni ya sekondari na chuo cha ushonaji, hatujifanyi madaktari, lakini kusoma tunajua na simu tunazo. Tuliyoyakuta ni mazuri kuliko aliyoyasema kijana, na ni tofauti pia.

Habari inaanza mbali. Mwaka 1942, Chicago, daktari Albert Tannenbaum alionyesha kwamba panya wanaolishwa mafuta mengi wanapata uvimbe wa matiti zaidi. Miaka ya 1970 huko Canada, Kenneth Carroll akawapa panya wa kike kemikali ya kuwaanzishia saratani, kisha akawalisha mafuta ya namna mbalimbali. Waliokula mafuta ya mbegu, yale yenye linoleiki nyingi, walipata uvimbe mwingi kuliko waliokula mafuta magumu ya wanyama. Kwa hiyo kama tungemfuata panya neno kwa neno wakati ule, mafuta ya pamba na alizeti yangepigwa marufuku Simiyu nzima na sote tungehamia kwenye samli.

Halafu Michael Pariza wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, akawa anatafuta kwenye nyama ya ng'ombe iliyochomwa vitu vinavyoleta saratani. Akakuta humo humo kitu kinachoizuia. Hilo lilitoka mwaka 1979, na mwaka 1987 yeye na wenzake wakakitambua kuwa ni CLA, baada ya kukipaka kwenye ngozi za panya. Mwaka 1991 Clement Ip wa taasisi ya saratani ya Roswell Park, mjini Buffalo, akawalisha panya chakula chenye CLA asilimia 1, na idadi ya uvimbe wa matiti ikapungua kwa zaidi ya nusu. Kufikia 1996, Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani liliandika kwamba kati ya asidi zote za mafuta, hii ndiyo iliyoonyesha bila shaka kuzuia saratani kwa wanyama wa majaribio.

Kwa wanyama wa majaribio. Maneno hayo yapo kwenye ripoti. Kwenye karatasi ya yule kijana yalikuwepo pia, chini kabisa, kwa herufi ambazo hata tundu la sindano ni kubwa kuliko hizo.

Sasa tupige hesabu, maana sisi kazi yetu ni vipimo. Ip na wenzake walijaribu kukisia: kiasi kidogo kilichomsaidia panya, ukikihamishia kwa mtu wa kilo 70, ni kama gramu 3 za CLA kwa siku. Maziwa halisi yana mafuta kama gramu 40 kwa lita. Katika kila gramu ya mafuta hayo, CLA ni kama miligramu 5. Basi lita moja inakupa miligramu 200. Kufikia gramu 3 unywe lita 15 kwa siku. Tufanye ng'ombe wako wa Meatu amekula majani mazuri mpaka CLA ikawa mara mbili, bado ni lita 7 na nusu. Ukitaka kuipata kwenye samli, ni gramu 600, zaidi ya nusu kilo, kila siku inayokuja. Kabla saratani haijakuzuilika, moyo na mishipa vitakuwa vimeshakuuliza maswali mengine.

Ndiyo maana kuna kidonge, atajibu muuzaji. Hapo ndipo tulipoona jambo ambalo hatukulitarajia. CLA si moja, ina maumbo tofauti. Ya kwenye maziwa, sehemu kubwa sana ni umbo moja. Ya kwenye vidonge hutengenezwa kiwandani kwa kupindua mafuta ya mbegu, na kwa kawaida hutoka maumbo mawili nusu kwa nusu. Lile umbo la pili, ambalo maziwa yanalo kwa uchache tu, mwaka 2007 lilijaribiwa kwa panya waliozalishwa wakiwa na aina fulani ya saratani ya matiti, na likauharakisha ugonjwa badala ya kuuzuia. Kwa hiyo hata kwa panya wenyewe jibu linategemea panya gani, uvimbe gani na umbo gani. Anayesema "utafiti umethibitisha" akanyamaza hapo, amechukua kipande kimoja cha kitambaa akakiita gauni.

Na binadamu je? Wanawake wa Ufini walipochunguzwa, matokeo ya mwaka 2000 yalionyesha kwamba waliokoma hedhi wenye CLA nyingi walikuwa na saratani ya matiti kidogo. Miaka miwili baadaye matokeo ya Uholanzi hayakuonyesha kinga hiyo. Mafuta ya samaki nayo, omega-3, ambayo sisi wa visiwani tunajigamba nayo kwa vibua na dagaa, yalijaribiwa Marekani kwa watu 25,871. Nusu walipewa kidonge chenye gramu 1 kila siku, nusu kidonge kisicho na kitu, kwa miaka kama 5. Matokeo yakatoka 2018: saratani haikupungua. Kabla yake, wanawake 48,835 waliingizwa kwenye jaribio la kupunguza mafuta ya aina zote, na matokeo ya 2006 kwa saratani ya matiti yalionyesha tofauti ndogo kiasi kwamba haikuweza kutenganishwa na bahati tu. Panya walikuwa wametupa matumaini katika yote hayo.

Kuna watakaosema tunadharau panya. Hatudharau hata kidogo. Mwaka 1960 Uingereza batamzinga zaidi ya laki moja walikufa ghafla, na ilipotafutwa sababu ikakutwa kwenye mashudu ya karanga yaliyoota ukungu. Ndivyo ilivyogunduliwa sumukuvu. Baadaye wanyama wa maabara walioilishwa wakapata saratani ya ini, na hilo kwa binadamu likathibitika kweli, hasa kwa mwenye homa ya ini aina ya B. Hapa kwetu Tanzania, mwaka 2016, watu wa Dodoma na Manyara walikufa kwa sumukuvu ya kwenye nafaka. Kwa hiyo mnyama akitoa onyo tunalisikiliza. Lakini kwenye sumukuvu kulikuwa na wanyama, kisha watu, kisha makaburi, na vyote vikasema neno moja. Kwenye CLA panya wamesema, watu hawajakubali.

Na tukiwa hapo hapo kwenye sumukuvu, hili ndilo tungependa yule kijana angetufundisha. Karanga na mahindi tunayokula Simiyu yakianikwa chini na kuwekwa na unyevu, yanaota ukungu. Mashudu ya pamba yakiota ukungu akala ng'ombe, sumu inapita mpaka kwenye maziwa, na kuchemsha hakuiondoi. Mama anayechambua karanga akatupa zilizosinyaa na zenye rangi, na anayekataa kununua mashudu yenye harufu ya uvundo, amezuia saratani kuliko mwenye makopo matatu. Na mafuta ya pamba mabichi, yale meusi yasiyosafishwa ambayo wengine huyapata kwa bei ya chini kwa anayekamua, yana kitu kiitwacho gosipoli, na si ya kupikia. Nunua yaliyosafishwa. Haya hayana kopo wala suti, labda ndiyo maana hayatembezwi.

Turudi kwenye dhuluma tuliyoitaja, kwa sababu pengine msomaji anasema fedha ni zake, kopo halimdhuru, mwacheni. Tuna mwenzetu aliyekuwa akitutilia vifungo na kukunja pindo kwa mkono, kazi safi ambayo mashine haiwezi. Alikuwa na kiuvimbe kwenye titi kabla ya mgeni kuja. Hakikuuma. Alipanga kwenda hospitali baada ya mavuno ya pamba, mume akishauza. Aliposikia habari ya vidonge akaona Mungu amemfungulia njia ya karibu, isiyo na nauli, isiyo na kuvua nguo mbele ya daktari mwanamume. Akanunua, akameza, akanunua tena. Kila tulipomuuliza alisema anajisikia vizuri, na ni kweli alijisikia vizuri, maana ugonjwa ule mwanzoni hauna kelele. Ilipita miezi minane. Ngozi ya titi ilipoanza kujikunja ndipo alipopelekwa Mwanza, Bugando, na kule wakaliondoa titi lote, na dawa za mishipani zikafuata. Anaendelea na matibabu. Vifungo sasa tunatia wenyewe.

Hatusemi vidonge vilimpa saratani. Tunasema vilimpa sababu ya kungoja, na ile miezi minane haikuandikwa kwenye bei ya kopo.

Wala hatumlaumu yeye. Aliyekwenda shule akapewa karatasi yenye picha ya daktari na neno utafiti, ataijua vipi tofauti ya panya na mtu kama mwenye karatasi ameificha? Muuzaji ndiye mwenye wajibu wa kusema. Sisi wafanyabiashara tunajua kanuni hii tangu utotoni: kitambaa kikiwa na kasoro unamuonyesha mnunuzi kabla hujakata. Dini yetu haikuacha shaka juu ya anayeficha aibu ya bidhaa yake. Na dini hiyo hiyo inatuamrisha kujitibu, kwa hiyo hatukubaliani kabisa na wanaochanganya dua, habbat soda na makopo ya dukani kuwa kitu kimoja kisha wakasema anayekwenda hospitali ana imani ndogo. Dua haimkatazi mtu kupanda basi la Mwanza. Habbat soda tia kwenye mkate, tia kwenye asali, ni chakula cha baraka, na kiuvimbe kikaonwe na daktari.

Yapo mambo yanayojulikana kuzuia saratani kwa mwanamke mwenyewe, si panya. Saratani ya shingo ya kizazi, ambayo ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi Tanzania, inaletwa na kirusi kiitwacho HPV, na chanjo yake inatolewa nchini bure tangu 2018. Ilianza kwa wasichana wa miaka 14. Mwaka 2024 ikafunguliwa kwa wa miaka 9 hadi 14, na sasa ni sindano moja tu. Tumesikia mama akikataa binti yake asichanjwe kwa hofu ya uzazi, na mama huyo huyo ana kopo kabatini. Jamani! Kipimo chenyewe cha shingo ya kizazi, nesi anapaka siki, ndiyo, siki tunayoijua, na panapobadilika kuwa peupe anapaona kwa macho. Dakika chache. Kama unaona haya, sema unataka nesi mwanamke, ni haki yako. Na matiti kila mwezi ujipapase mwenyewe ukioga, uyajue yalivyo, ili siku yakibadilika usihitaji kuambiwa na mtu.

Kikundi chetu kimeamua jambo moja dogo. Katika ile akiba ya dharura, ambayo zamani ilitoka kwa msiba na uzazi tu, tumeweka fungu la nauli kwa mwanachama mwenye uvimbe au damu isiyo ya kawaida, afike hospitali ya rufaa ya mkoa, na akiandikiwa Mwanza afike Mwanza. Halirudishwi na halina riba. Mpaka sasa wawili wamelitumia. Mmoja aliambiwa ni mafuta tu yamejikusanya chini ya ngozi, akarudi anacheka na kilo mbili za dagaa wa Lamadi. Wa pili anangoja majibu ya kinyama. Na mgeni yeyote anayetaka kutuelimisha juu ya dawa sasa anaombwa karatasi zake siku moja kabla, tuzisome tukiwa peke yetu bila yeye. Tangu tuweke sharti hilo hajaja mtu.

Mliotuuliza kama muache samli, hapana, msiache. Kijiko kwenye wali au kwenye mlenda ni utamu wa halali, na mtindi wa ng'ombe wa Simiyu ni chakula kizuri kwa mtoto na mkubwa, mradi maziwa yalichemshwa kabla ya kugandishwa. Alizeti na pamba iliyosafishwa pikieni, ila mafuta ya kukaangia msiyarudie mpaka yakawa meusi kama wino. Samaki kuleni mkiwapata. Sisi huku tukimpata kibua wa kuletwa kutoka pwani, basi siku hiyo ni sikukuu, na duka linafungwa mapema.